Wanaobeba mabati chakavu ya asbesto wasitegemee kipimo cha damu

Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi vilivyotumika akishaambiwa kwamba yale mabati ya kijivu aliyokuwa akiyapakia kwenye lori yana asbesto, swali lake la kwanza huwa moja: nipimwe wapi nijue kama nimedhurika?

Jibu ni gumu kulitoa na gumu zaidi kulipokea. Hakuna kipimo kimoja, kiwe cha damu, cha mkojo au cha makohozi, kinachoweza kumwambia mtu asiyeumwa kwamba vumbi la asbesto alilovuta limemdhuru au halikumdhuru. Vipimo vipo, tena vingine vya kitaalamu sana, lakini kila kimoja kinajibu swali lake, na mara nyingi si lile analouliza mfanyabiashara. Ndiyo maana makala haya yanavieleza kimoja kimoja, kwa sababu mtu akilipia kipimo, akapewa majibu "safi" na kurudi kupasua mabati kama kawaida, kipimo hicho kitakuwa kimemletea hasara kuliko kutopima kabisa.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Asbesto ni jina la jumla la madini sita ya asili yanayochambuka kuwa nyuzi nyembamba mno, zisizoshika moto wala kuoza. Hayo tunayoyaita mabati ya asbesto si bati hata kidogo. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi hizo, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 15. Neno "bati" limetuponza, maana mtu hulishika kama anavyoshika bati la chuma. La chuma hupinda na kushika kutu. Hili huvunjika kama kigae na huota ukungu. Katika nchi zetu nyingi liliezekwa kwenye shule, hospitali na nyumba za watumishi, kabla na baada ya uhuru. Mji wa Tororo nchini Uganda, jirani kabisa na mpaka wa Malaba, uliwahi kuwa na kiwanda chake cha bidhaa za saruji na asbesto.

Bati la namna hiyo likitulia juu ya paa likiwa zima hutoa nyuzi chache. Shida huanza linaposhushwa kwa nyundo, likikatwa kwa msumeno, likitobolewa, likisuguliwa kwa brashi ili lionekane jipya, au likirushwa juu ya lori na kuvunjika. Wauza vipuri nao wasijione wako salama: breki na klachi za zamani za malori zilitengenezwa kwa asbesto, na fundi anayepuliza vumbi la breki kwa kompresa hulivuta lote.

Nyuzi zikifika ndani kabisa ya mapafu zinaweza kusababisha asbestosisi, yaani mapafu kujaa makovu na kukakamaa. Zinaweza pia kusababisha saratani ya mapafu, ya koo la sauti, ya ovari, na mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu na tumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asbesto ya kazini huua watu zaidi ya 200,000 kila mwaka. Magonjwa haya huchelewa. Mesothelioma huweza kujitokeza miaka 20, 30, hata 40 na zaidi baada ya mtu kuvuta vumbi mara ya kwanza. Kijana anayepakia mabati leo akiwa na miaka 25 anaweza kuanza kukosa pumzi akiwa babu, mji aliofanyia kazi ameshauhama na tajiri aliyemlipa ameshafariki.

Daktari wa TB aliyeuliza wagonjwa wanatoka wapi

Sehemu kubwa ya historia ya kutafuta alama za asbesto mwilini iliandikwa hapa hapa Afrika. Miaka ya 1950, katika hospitali ya kifua kikuu mjini Kimberley, Afrika Kusini, Dk. C. A. Sleggs aliona jambo lisilo la kawaida. Wagonjwa waliotoka upande wa mashariki walikuwa wakipata nafuu kwa dawa za TB. Baadhi ya waliotoka magharibi, kwenye machimbo ya asbesto ya bluu, hawakupata nafuu yoyote. Mwaka 1956 mtaalamu wa kuchunguza tishu, J. C. Wagner, alikutana na uvimbe wa ajabu kwenye kifua cha maiti. Alipochunguza pafu kwa hadubini aliona vijiti vidogo vya rangi ya kahawia na dhahabu, vyenye vichwa vya mviringo kwenye ncha zake.

Vijiti hivyo ni alama ya kwanza kabisa ya asbesto mwilini. Uzi ukiingia, seli za ulinzi hujaribu kuumeza na kushindwa kwa sababu ni mrefu kuliko seli yenyewe. Mwili basi huupaka protini yenye chuma, kama vile fundi anavyopaka rangi msumari asioweza kuung'oa. Uzi uliovikwa chuma huonekana hata kwa hadubini ya kawaida.

Mwaka 1960 Wagner, Sleggs na mwenzao Marchand walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesothelioma, ugonjwa ambao wakati huo madaktari wengi walikuwa hawajawahi kuuona. Karibu wote waliweza kuhusishwa na asbesto ya eneo lile. Baadhi yao hawakuwahi kushika sururu. Waliishi tu jirani na machimbo, wengine wakiwa watoto. Hadubini ilisaidia, lakini kilichofungua kesi nzima ni daktari kumuuliza mgonjwa ametokea wapi.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu kinatuhusu moja kwa moja. Katika ukanda wetu kikohozi cha muda mrefu hufikiriwa TB kwanza, na mara nyingi ni TB kweli. Lakini dawa zikimalizika na pumzi bado haitoshi, mtu aliyewahi kushughulika na mabati haya aseme. Daktari hawezi kuliona lori la mwaka 2009 kwenye macho ya mgonjwa.

Kuhesabu nyuzi

Baada ya Wagner, wataalamu waliendelea kuhesabu. Mwaka 1997 wataalamu 19 kutoka nchi nane zisizozalisha asbesto walikutana Helsinki, Finland, na kukubaliana vigezo ambavyo hadi leo hutumika duniani, vikiwa vimehuishwa mwaka 2014. Walisema mtu anaweza kuhesabiwa kuwa amekutana na asbesto kwa kiwango cha kazini kama gramu moja ya tishu kavu ya pafu lake ina nyuzi zilizovikwa chuma zaidi ya 1,000, au nyuzi ndefu za asbesto ya jamii ya amfiboli zaidi ya 100,000 zinazoonekana kwa hadubini ya elektroni. Kipo pia kipimo kisichohitaji kukata tishu. Daktari hupitisha mrija mwembamba hadi kwenye pafu, humwaga maji ya chumvi na kuyafyonza tena. Zikipatikana nyuzi zilizovikwa chuma zaidi ya moja kwa kila mililita, hiyo ni dalili.

Kwenye karatasi mambo yanaonekana yamekamilika. Kwetu sisi yana tundu kubwa.

Asbesto ya jamii ya amfiboli, yaani ile ya bluu na ya kahawia, ina nyuzi ngumu zilizonyooka, na zikishaingia hukaa miaka mingi. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya asbesto yote iliyotumika duniani katika karne ya 20 ilikuwa krisotile, yaani asbesto nyeupe, na ndiyo iliyotawala kwenye mabati ya saruji. Hiyo ndiyo iliyochimbwa pia Zvishavane na Mashava nchini Zimbabwe. Nyuzi za krisotile ni laini na zilizojikunja. Ndani ya pafu hukatikakatika na kuondolewa haraka kuliko zile nyingine, na ni mara chache huvikwa chuma. Hivyo mtu anaweza kuwa amevuta krisotile kwa miaka mingi, pafu lake likaoshwa, na maabara ikaandika kwamba haikuona kitu.

Kutoonekana kwake hakumaanishi haikudhuru. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linaziweka aina zote sita, krisotile ikiwemo, katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wataalamu wa Helsinki wenyewe waliliona tundu hilo. Waliandika kwamba kwa krisotile, historia ya kazi huenda ikawa kipimo bora cha hatari ya saratani ya mapafu kuliko kuhesabu nyuzi. Binafsi naona hilo ndilo la maana kuliko yote waliyoandika, na ndilo lisilofika sokoni.

Damu inasema nini

Damu ndiyo inayovutia wengi, maana ni rahisi kutoa. Mwaka 2003 watafiti wa Perth, Australia Magharibi, wakiongozwa na Bruce Robinson, walitoa taarifa iliyoamsha matumaini makubwa. Jimbo lao ndilo lenye Wittenoom, mji uliochimbwa asbesto ya bluu kati ya 1943 na 1966 na ambao baadaye ulifutwa rasmi kwenye orodha ya miji. Walipima protini inayohusiana na mesothelini. Kati ya wagonjwa 44 wa mesothelioma, 37 walikuwa nayo kwa wingi kuliko kawaida. Kisha walipima watu 40 wenye afya waliowahi kukutana na asbesto. Saba walikuwa na kiwango cha juu, na ndani ya miaka mitano watatu kati yao walipata mesothelioma na mmoja saratani ya mapafu.

Mtu akisoma hapo na kuacha, atasema kipimo kimepatikana. Lakini 40 ni watu wachache. Mwaka 2012 takwimu za tafiti nyingi ziliunganishwa, zikiwa na watu 4,491 na kati yao wagonjwa 1,026 wa mesothelioma. Kipimo kilipopangwa kisimtie hofu bure mtu mzima zaidi ya watano katika kila mia, kiliwatambua asilimia 32 tu ya wagonjwa walio katika hatua za mwanzo. Wawili kati ya kila watatu kiliwapita. Isitoshe, mesothelini hupanda pia figo zinapodhoofika.

Twende kwenye hesabu ya sokoni. Tuseme wafanyabiashara 1,000 wanapimwa na kipimo hicho. Wazima hamsini hivi wataambiwa kuna jambo, wataanza kuzunguka hospitali na kuuza bidhaa kwa hasara wapate nauli. Kwa kuwa mesothelioma ni ugonjwa nadra hata kwa waliovuta vumbi, huenda hakuna hata mmoja kati ya hamsini hao aliye nayo. Na kama yupo mgonjwa mmoja kati ya elfu, kipimo kina nafasi kubwa zaidi ya kumkosa kuliko kumwona. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha mesothelini kwa kazi moja: kufuatilia mgonjwa ambaye tayari amegundulika. Haikukiruhusu kutafutia ugonjwa kwa watu wazima wa afya.

Protini nyingine zimependekezwa pia, kama osteopontini mwaka 2005 na fibulini-3 mwaka 2012. Kila moja ilianza kwa kishindo, kisha tafiti za wengine zikapunguza makali. Ujerumani walijaribu njia ya uvumilivu zaidi: wanaume zaidi ya 2,700 waliowahi kufanya kazi na asbesto walipimwa mara kwa mara kwa miaka, mesothelini na kalretinini kwa pamoja. Matokeo ya 2018 yalionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kutambuliwa hadi mwaka mmoja kabla ya ugonjwa kugunduliwa kwa njia za kawaida. Ni hatua ya kweli. Lakini ni kwa watu wanaopimwa kila mwaka chini ya bima ya kazi, na bado haijathibitika kwamba kujua mapema kunaongeza miaka ya kuishi.

Zingatia pia kwamba protini hizi zote zinatafuta uvimbe. Hazielezi mtu amevuta vumbi kiasi gani. Anayetangaza kipimo cha damu cha "kuangalia asbesto mwilini" anauza kitu ambacho sayansi haijakifikia.

Alama inayopatikana kwa urahisi zaidi ni ya zamani na ya bei nafuu: picha ya kifua ya eksirei. Kwa watu wengi waliovuta asbesto, hata krisotile, hutokea mabaka magumu kwenye utando wa mapafu, mara nyingi miaka 20 au zaidi baadaye. Mabaka hayo si saratani wala hayageuki kuwa saratani, ila ni ushahidi kwamba vumbi lilipita. Picha ya CT huyaona vizuri zaidi. Kipimo cha kupuliza pumzi, kinachoitwa spirometri, huonyesha kama mapafu yameanza kukakamaa. Kwa anayevuta sigara, kuacha ndiyo tiba pekee ya kinga iliyo mikononi mwake, kwa sababu sigara na asbesto zikikutana huongeza hatari ya saratani ya mapafu mara nyingi kuliko kila moja peke yake.

Kazi ya daftari

Mwaka 2000 mahakama ya juu ya Uingereza iliwaruhusu waathirika wa Afrika Kusini kuishtaki kampuni ya Cape mjini London. Mwaka 2003 kesi ilimalizwa kwa maelewano, wadai wakiwa wapatao 7,500. Mwaka huo huo ulianzishwa pia mfuko wa fidia wa Asbestos Relief Trust kwa waathirika wa migodi mingine. Katika fidia za namna hii huangaliwa mambo mawili: ugonjwa uliothibitishwa na madaktari, na ushahidi wa mahali mtu alipofanya kazi au kuishi, na kwa muda gani.

Huo ushahidi wa pili ndio mfanyabiashara wa mpakani asio nao. Sheria ya fidia ya Kenya ya 2007 na ile ya Tanzania ya 2008 zinamtazama mwajiriwa. Mwenye duka lake hana mwajiri, na kibarua anayelipwa kwa lori ana waajiri arobaini katika nchi tatu na hana karatasi ya hata mmoja. Hata daktari mwenye nia njema anahitaji miaka. Wataalamu hukadiria hatari kwa kuzidisha wingi wa nyuzi hewani kwa miaka ya kazi. Helsinki walisema mtu aliyefikisha 25 kwa hesabu hiyo hatari yake ya saratani ya mapafu huwa imeongezeka takribani maradufu. Nyuzi tano kwa mililita kwa miaka mitano zinatosha kufika huko, na hesabu hiyo haiwezi kuanza bila tarehe.

Daftari la shilingi chache linatosha. Andika mwaka ulioanza, mji ulikopakia na ulikoshusha, kama mabati yalikatwa au yalibebwa mazima, ni siku ngapi kwa mwezi, na nani mlikuwa naye. Picha ya shehena iliyopigwa kwa simu, yenye tarehe, ina thamani. Risiti, hati za forodha na stakabadhi za ushuru wa halmashauri zisitupwe mwaka ukiisha. Waandike pia walio nyumbani: vumbi husafiri kwenye mashati na kanga, na wapo waliougua mesothelioma ambao kazi yao ilikuwa kufua nguo za waume zao.

Ukienda hospitali, toka na hilo daftari na omba historia hiyo iandikwe kwenye faili lako, ukiwa mzima. Piga picha ya kifua sasa na uitunze, ili itakapopigwa nyingine baada ya miaka kumi kuwe na ya kulinganisha.

Kuhusu shehena yenyewe, wafanyabiashara wengi hawajui kwamba mabati ya asbesto yakishashushwa paani huhesabiwa taka hatari. Kenya imeiweka asbesto kwenye orodha hiyo katika kanuni zake za taka za mwaka 2006. Rwanda imekuwa ikiendesha mpango wa kuiondoa kwenye mapaa, na mabati yanayoshushwa yanatakiwa kuzikwa kwenye maeneo maalumu, si kuuzwa. Mabati yanayotolewa bure au kwa bei ya kutupwa ndiyo ya kuyatilia shaka kwanza. Kwa macho huwezi kuyatofautisha na yale mapya ya saruji yasiyo na asbesto. Maabara pekee ndiyo huthibitisha, kwa kipande kidogo kilicholoweshwa maji na kufungwa kwenye mfuko miwili.

Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo zote ni wanachama wa Mkataba wa Basel, unaoorodhesha vumbi na nyuzi za asbesto kwa alama Y36. Kuvusha taka hizo mpaka kunahitaji idhini ya maandishi ya nchi zote mbili kabla lori halijaondoka. Zikivushwa kimyakimya kwa kosa la aliyezituma, nchi zilikotoka inapaswa kuhakikisha kwamba yeye ndiye anayezirudisha.